Brashi ya Kuondoa Madoa

Miburani, Mafia
14 Aprili 2025

Mdogo wangu Safia,

Assalaam alaykum. Salamu natanguliza kwa sababu ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, usije ukadhani moyo umeshapoa. Nyumbani wote wazima. Baba macho yake ni yale yale, mchana anaona vivuli na jioni haoni kitu, lakini redio anaisikia na chakula anakula. Mume wangu Ally yuko Kiegeani, wanaangua nazi kwenye shamba la mjomba wake. Kuku wako mweusi kachukuliwa na kicheche, kwa hiyo usimuulizie tena.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Siku ya Idd, ulipoondoka na kamera ya baba mkobani bila kuniuliza, niliapa kwamba sauti yako sitaisikia kwenye simu mpaka kamera hiyo irudi hapa Miburani. Namba yako nimeifungia kote, WhatsApp na kwingineko. Lakini katika kiapo karatasi sikuitaja, na hii ataileta Javed, mjukuu wa Bi Rabab wa dukani, ambaye huja Dar kuchukua bidhaa.

Sasa nisikilize. Nimenunua laptopu ya mwalimu aliyehamishwa, na kamera ndogo ya dijitali. Nataka kuifungua tena studio ya baba, kile chumba cha mbele. Najua kila mtu ana simu, lakini picha za paspoti na za harusi bado zinataka mtu wa kazi. Na kubwa zaidi, Kinza, dada yake Javed, ameposwa. Harusi haitakuwa sasa, unawajua wenyewe, mpaka wamalize Muharram na Safar, miezi yao ya maombolezo, kwa hiyo ni mwishoni mwa Septemba. Atakayeamua nani apige picha ni Bi Rabab. Nikiipata harusi hiyo, Kilindoni nzima watanijua mimi ni nani.

Kupiga nitajikongoja. Kinachonishinda ni kuzitengeneza picha kwenye kompyuta. Nimeingia mtandaoni nikakuta majina mpaka kichwa kikaniuma: Photoshop, Lightroom, GIMP, Canva, Snapseed, na mengine sijui hata yanatamkwaje. Kila mmoja anasema yake ndiyo inayomfaa anayeanza. Wewe uko studio huko Kariakoo, na mimi kila nikimpelekea baba chai nasikia, "Safia ndiye fundi. Safia karithi mkono wangu." Haya, fundi, niambie nianze na ipi. Inaniuma kukuuliza, nakwambia wazi, lakini sina mwingine wa kumuuliza.

Dada yako,
Chiku


Dar es Salaam
23 Mei 2025

Dada Chiku,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kufika mikononi mwangu na majibu nayo yamechelewa, kazi huku ni nyingi mno. Javed alitaka kuileta studio, nikamwambia aiache kwenye duka la vitambaa la Mbaraka, yule wa kwetu. Hata siku nyingine mwambie hivyo hivyo, bosi wetu hapendi wageni wakati wa kazi. Mimi mzima. Nimehama Ilala, sasa niko Buguruni, chumba ni kidogo ila kina feni. Baba namwamkia, na umwambie kamera yake iko salama, nimeifunga ndani ya kanga. Kuku nimemsikitikia.

Kuhusu programu, hayo majina yote ni mazuri kwa anayeyajua. Sisi hapa tunatumia Photoshop, ile ya kulipia kila mwezi. Kwa mtu anayeanza, tena akiwa kisiwani, naona utapotea bure. Bora utumie zile za kwenye simu, ni nyepesi, hata watoto wa shule wanaziweza.

La muhimu ulijue ni kusafisha. Huku mjini mteja akisema "nisafishie picha" hana maana ile ya zamani ya baba, ya kuitoa picha kwenye filamu. Anataka uondoe chunusi, uondoe makovu na weusi wa chini ya macho, paji la uso ling'ae. Ukimwachia hata doa moja anakurudishia. Ipo brashi maalumu ya kuondoa madoa. Ukishaiweza hiyo, kazi umeijua.

Harusi ya Kinza sikuwa na habari nayo. Kinza alikuwa rafiki yangu mimi, dada, si wako. Dawati moja tulikaa. Nashangaa habari za posa yake nazipata kwako.

Mdogo wako,
Safia


Miburani
9 Juni 2025

Safia,

Marahaba. Idd mbaraka, ingawa imeshapita. Tulichinja mbuzi kwa kushirikiana na jirani, baba akapewa maini kama kawaida yake. Ally amerudi na nazi na homa, homa imekwisha. Kinza nimemfikishia salamu ambazo hukuzituma, kwa kuwa aliziulizia.

Eti za watoto wa shule. Nilipolisoma hilo neno niliiweka barua yako chini ya godoro nikaenda kuchota maji, ili nisije nikaichana. Kisha nikakaa nikafikiri mwenyewe. Laptopu yangu ni kuukuu, ikibebeshwa kitu kizito inahema. Kulipa kila mwezi siwezi. Mtandao hapa kwetu leo upo, kesho haupo. Basi nahitaji ya bure, nyepesi, ambayo ikishaingia kwenye mashine haidai bando tena. Nimechagua GIMP. Sikumuuliza mtu.

Kuishusha nilikwenda kukaa barazani kwa Bi Rabab, ndipo mtandao ulipo na nguvu. Alinitilia chai ya maziwa na kashata, akakaa na mimi mpaka ikaisha kushuka. Kwa hiyo usiseme ni marafiki zako peke yako.

Sasa nina maswali mawili, nayo nataka unijibu kifundi. La kwanza, hiyo brashi ya kuondoa madoa nimeipata, imechorwa kama plasta mbili zilizopishana. Naipaka juu ya doa, naipaka tena, haifanyi kitu. Nakosea wapi? La pili, kuna kitu kinaitwa leya. Wanasema ni kama kuweka karatasi angavu juu ya picha ukafanyia kazi pale juu, picha ya chini isiguswe. Ni lazima nijifunze au ni mbwembwe tu?

Nijibu upesi. Bi Rabab amesema ataniletea picha ya marehemu mumewe, Bwana Bahadurali, anataka kubwa ya kutundika ukutani kabla ya harusi, na hapo atauona mkono wangu. Hakuniambia kwamba ni mtihani, lakini mimi si mtoto. Alimwambia baba pia. Unajua baba alimjibu nini? "Safia huko Dar kazi hizo anazifanya huku amefumba macho." Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia mkononi.

Chiku


Dar es Salaam
4 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo, nilishikwa na mafua ila yameisha. Barua yako haikuwa na salamu za baba. Umezisahau au umeziacha makusudi? Yeye hawezi kunisahau, namjua.

Brashi ikikataa, zima kompyuta uiwashe tena. Mara nyingi inakuwa ni hilo. Leya achana nazo kwanza, zinachanganya watu. Hiyo programu yako kwa kweli siijui vizuri, wataalamu huku hawaitumii, na kila moja ina tabia zake. Ungenisikiliza tangu mwanzo tusingefika huku.

Naona sasa unakunywa chai barazani kwa Bi Rabab. Mimi nilikuwa nafika mpaka jikoni.

Ukiipata hiyo picha ya Bwana Bahadurali isafishe hasa. Watu wazima ngozi zao zina mabaka mengi, na Bi Rabab ni mtu wa kupenda vitu visafi. Msalimie baba. Mwambie nimesema namkumbuka, umwambie kwa maneno hayo hayo.

Safia


Miburani
2 Agosti 2025

Safia,

Salamu zako kwa baba zimefika kwa maneno hayo hayo. Alifurahi mpaka akakosa usingizi wa mchana. Ally mzima. Paa la jikoni linavuja. Hayo ndiyo ya nyumbani, sasa nije kwenye langu.

Nilizima kompyuta nikaiwasha mpaka kitufe kikalegea. Halikuwa hilo, fundi. Ile brashi lazima kwanza ubonyeze Ctrl na ugonge mahali penye ngozi nzuri, uionyeshe ngozi nzuri ni ipi, ndipo uende kwenye doa ikafunike. Niliigundua mwenyewe baada ya kuharibu picha za Ally zote, sasa ana macho matatu kwenye mojawapo. Na leya nimejifunza vilevile. Nilijisifu sana siku hiyo, kimoyomoyo, maana wa kunisifu hapa hayupo.

Bi Rabab akaja na picha. Bwana Bahadurali amekaa dukani, kofia kichwani, anatazama mbele kama mtu anayesubiri umalize kusema. Ilipigwa na baba. Bi Rabab akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Nisafishie hii, mwanangu, iwe kubwa."

Ningemuuliza baba, yasingetokea. Lakini nilitaka iwe kazi yangu peke yangu. Na masikioni nilikuwa na maneno yako, kwamba siku hizi kusafisha ni kuondoa madoa. Nilitaka kufanya kama Dar. Nilitaka mtu aitazame aseme, hii Safia asingeiweza. Basi nikamsafisha Bwana Bahadurali. Mikunjo ya macho nikaiondoa, mabaka ya mashavu nikayaondoa, na pale katikati ya paji la uso kulikuwa na doa jeusi kubwa, nikaionyesha brashi ngozi nzuri, nikalifunika. Paji likang'aa. Javed akaichapisha huko Dar, akairudisha imefunikwa gazeti, ndani ya fremu. Hakuna aliyeifunua njiani.

Bi Rabab aliifunua mbele ya wageni wa upande wa mchumba wa Kinza waliokuja kutoka Dar. Kisha akaniuliza, "Huyu nani?"

Nikasema, "Ni Bwana, Bi Rabab. Nimemsafisha."

"Sijida yake umeipeleka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Lile doa lilikuwa sijida, Safia. Alama ya kusujudu. Mtu aliyeinamisha paji lake chini tangu ujana mpaka anazikwa, mimi nimemfuta kama chunusi.

Akasema, "Mimi nilikwambia unisafishie kama baba yako alivyokuwa akisafisha. Utoe nyingine, iwe kubwa. Nilikwambia mume wangu ana uchafu?" Hakupandisha sauti. Wageni wakawa wanatazama mkeka. Mmoja wao akasema kwa upole kwamba picha imetoka vizuri lakini Bwana aliyemjua hamwoni humo, na hilo ndilo lililoniua.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia baba. Akasema, "Mwenye mkono angejua."

Bahati ni moja. Kazi yote niliifanya kwenye leya ya juu, ile uliyoniambia niachane nayo. Niliizima tu, na Bwana Bahadurali akarudi mzima na sijida yake. Leo Javed anakuja huko na faili la pili akachapishe upya.

Lakini nasikia jambo jingine. Nasikia Bi Rabab, siku ile ile, alikupigia simu akakupa harusi ya Kinza. Nasikia umekubali. Harusi uliyojua naitaka kuliko kitu chochote. Nijibu ndiyo au hapana.

Chiku


Dar es Salaam
19 Agosti 2025

Dada,

Shikamoo. Ndiyo.

Bi Rabab kanipigia mwenyewe, ningemwambiaje hapana? Kuhusu sijida, mimi nilisema madoa. Sikusema sijida. Picha hukunionyesha, kwa hiyo usinitwike. Ungekuwa umetulia na za kwenye simu usingefika kumfuta mtu paji la uso. Naona ni wivu tu unaokusumbua, na mimi wivu wako nimeuzoea tangu tukiwa wadogo.

Barua yako nimepewa na bosi. Nasikia duka la Mbaraka lilifungwa kwa msiba, ndiyo Javed akaja studio. Angesubiri kidogo tungeonana, nilikuwa nimetoka. Alisema chochote aliporudi?

Na hiyo laptopu yako inaweza kubeba picha nyingi, za harusi nzima? Naulizia tu.

Naituma hii kwa mtu anayevuka kupitia Nyamisati. Msalimie baba.

Safia


Miburani
1 Septemba 2025

Safia,

Marahaba. Baba mzima. Ally mzima. Paa bado linavuja.

Picha ya pili nilimpelekea Bi Rabab mwenyewe, nikaifunua mikononi mwangu ili kama ni kuaibika niaibike wa kwanza. Aliitazama, akakigusa kioo pale kwenye paji, akamwita Kinza alete msumari. Iko ukutani. Akanipa chai. Harusi hakunirudishia, amesema ameshampa mtu neno lake. Nikamwambia sawa, huku roho ikiniwaka.

Na Javed, ndiyo, alisema jambo. Aliingia studio akauliza, "Fundi Safia yupo?" Bosi wako akadhani hakusikia vizuri. "Safia fundi? Safia ni wa kaunta. Kaenda kutuletea chakula." Kisha akamwelezea, bila ya kuulizwa, kwamba wewe unaandika majina kwenye bahasha na kuwapa watu paspoti zao, na kwamba kwenye mashine huruhusiwi kukaa. Javed aliona haya kwa niaba yako, akaacha barua, akaondoka. Nimemwomba asimwambie bibi yake, na amekubali.

Nakwambia nilichofanya nilipoisikia habari hiyo. Nilicheka. Nilicheka mpaka baba akauliza kuna nini, nikamwambia ni paka. Nilitembea siku nzima nikiwa mwepesi. Kumbe za watoto wa shule. Kumbe zima uwashe. Miezi yote hii nakuonea kijicho kwa kazi ambayo hunayo, nakaa mbele ya laptopu macho yananiuma nikisema lazima nimpite, na huko mbele hakuna mtu.

Jioni nikaacha kucheka nikaanza kukasirika. Umechukua harusi yangu na huijui hata Ctrl iko upande gani. Utakuja kufanya nini? Utawaaibisha Bi Rabab na Kinza, na jina litakalochafuka ni la baba yetu.

Sitaki mengi. Mwambie baba. Mwambie wewe mwenyewe kwamba wewe si fundi, asikie kutoka kwako, aache kulitamka jina lako kila nikimpelekea chai. Usipomwambia kabla ya harusi, nitamwambia mimi, na mimi sitachagua maneno.

Chiku


Dar es Salaam
8 Septemba 2025

Dada,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani kwangu, ni feni na kitanda.

Leo sina radhi ya kuomba. Ulitaka niseme, nasema. Niko kaunta. Nilichukuliwa nikiahidiwa kupiga picha, nikaambiwa nisubiri, na hadi leo nasubiri. Photoshop naiona juu ya mabega ya wenzangu wakiwa wanafanya. Ulipouliza habari za leya nilitaka kumuuliza mmoja wao, nikaona haya, nikakuandikia uachane nazo.

Unajua nilivyokuwa nikizisoma barua zako? Kwa chuki. Kila inayokuja umejifunza jambo. Umechagua mwenyewe, umeshusha mwenyewe, umeikamata brashi mwenyewe, na mimi niliyezungukwa na mashine siku nzima sijui kitu. Nilitaka ushindwe. Si sana. Kidogo tu, uendelee kuniuliza.

Na unalalamika kuhusu chai ya baba. Wewe ndiye unayeipeleka, dada. Wewe unamshika mkono kwenda msikitini, wewe unajua leo kaamka vipi. Mimi anitaje tu, ndicho kilichobaki kwangu. Kile kingine nilichonacho ni kamera, nayo ni ya filamu, na filamu sijui hata zinauzwa wapi. Haijatoka ndani ya kanga tangu Idd. Niliichukua ili usiwe nayo wewe.

Harusi niliikubali kwa sababu Bi Rabab alisema, "Fundi wangu, njoo." Hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyewahi kuniita hivyo. Kupiga najua, hilo hutaniambia sijui. Mengine nilifikiri nitayaona mbele ya safari.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, ni ya baba. Nimemweleza yote, tangu siku ya kwanza kazini. Msomee. Ukishamaliza kumsomea utakuwa umekipata ulichokitaka.

Safia


Miburani
15 Septemba 2025

Mdogo wangu Safia,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa kavu. Sote hatujambo. Paa Ally amelitengeneza jana, bado mvua haijaja kulijaribu.

Barua yako nilimsomea baba juzi baada ya sala ya alasiri. Alikaa kitako kwenye mkeka, akazima redio, akavaa kofia. Anasikiliza barua zako kama anavyosikiliza hotuba. Nikasoma salamu, akazipokea moja moja. Nikasoma ulivyomwulizia macho yake. Kisha nikafika pale ulipoandika, "Baba, mimi si fundi, sijawahi kuwa."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiyangojea, Safia. Nilikwishajua hata nitayasoma kwa sauti gani. Nikafungua mdomo, nikaruka. Nikaruka ukurasa mzima, nikaenda kule mwisho ulikoandika habari za feni na majirani zako wa Buguruni wanaopika maandazi alfajiri.

Baba akasema, "Kaandika vizuri. Fundi ni fundi, hata kwenye barua."

Wivu ukanipanda pale pale mpaka masikio yakawa ya moto. Karatasi ilikuwa bado mkononi. Ningeweza kurudi juu, kusoma sentensi moja tu, na usingeitwa hivyo tena katika nyumba hii. Niliikunja nikamwuliza kama anataka maji.

Usije ukadhani ni wema. Nimekaa nikajiuliza kwa nini niliruka, na sababu ni hii. Kama ningeisoma, baba angenipa mimi hilo jina kwa kukosa wa kumpa. Angesema, haya, amebaki Chiku. Mimi sitaki kuwa aliyebaki. Nataka anichague huku wewe upo.

Kwa hiyo fanya ninavyokwambia. Panda boti uje kabla ya siku ya hina. Kamera ya baba uje nayo, niondokane na kiapo changu. Bi Rabab nimemwambia kwamba tutakuwa wawili, akasema wawili ni bora kuliko mmoja, akataka kujua tu kama hatutagombana mbele za watu. Nikamwambia mbele za watu hapana. Utapiga wewe, kwa kamera yangu, kwa sababu kwa kupiga umenishinda. Nilikuwa najua hivyo tangu tukiwa watoto na nimechoka kujifanya sijui. Picha nitazitengeneza mimi, na wewe utakaa kwenye kigoda pembeni yangu ujifunze GIMP tangu mwanzo. Nitakuwa mkali na hutanijibu. Ukiona doa kwenye uso wa mtu, utaniuliza kwanza, na mimi nitamwuliza mwenyewe.

Barua ya baba nimeiweka. Ukitaka asikie, utamsomea kwa mdomo wako, siku unayoitaka wewe. Mimi siigusi tena.

Picha zikiwa tayari hataziona, unajua. Atakaa mkekani, Bi Rabab na Kinza watamweleza moja moja, ipi imependeza na kwa nini, naye atawauliza maswali yake yale ya taa ilitoka upande gani na nani alisimama wapi. Anaweza akakusifu wewe kwanza. Nitavumilia. Lakini itafika siku atageuza uso upande wangu aniite fundi, na siku hiyo nataka uwe umekaa hapo hapo, usikie.

Dada yako,
Chiku